Amana Haina Nakala

Kwenye simu yangu kulikuwa na faili moja la sauti lenye dakika 47. Sikulipa jina. Simu yenyewe ililiandikia tarehe na saa, basi. Dakika 6 za mwanzo ni lipenga. Dakika 41 zinazobaki ni babu yangu anazungumza, na hajui kwamba simu bado inarekodi.

Naandika "hajui" kana kwamba bado yupo. Tulimzika mwezi wa saba, nyumbani Tingi, kwenye baridi ile ambayo sisi wa milimani tunaiona kali na watu wa kando ya ziwa, kule Mbamba Bay, wanatucheka kwa masweta yetu. Siku ya tatu baada ya mazishi, baba mkubwa aliniita nyuma ya nyumba, penye mikahawa.

"Nasikia una sauti ya mzee."

"Shikamoo, baba mkubwa. Ninayo ya lipenga."

"Marahaba. Na mengine?"

Nilinyamaza. Ukoo ulikuwa ukae Jumamosi kugawana mashamba, na kila mtu alijua kwamba mimi ndiye niliyelala nyumba ile wiki mbili za mwisho za babu. Baba mkubwa hakunikaripia. Alisema tu, taratibu, "Mama, sauti ya mzee ni ya ukoo mzima. Iweke kwenye grupu, wote tusikie." Kisha akarudi kwa wageni.

Nataka kueleza kwa nini sikuiweka. Lakini siwezi kueleza hilo bila kueleza ninachosoma, kwa sababu mambo haya mawili yalinijia wakati mmoja na sasa siwezi kuyatenganisha.

Babu alikuwa mpigaji wa mganda. Asiyeujua mganda afikirie wanaume waliojipanga mistari kama askari, ngoma kubwa katikati, na midomoni mwao vibuyu virefu vinavyotoa sauti ya kukwaruza, nusu ya binadamu na nusu ya tarumbeta. Vibuyu hivyo ndivyo malipenga. Ngoma hii ilienea pande zote za Ziwa Nyasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ukiitazama unaona ilikotoka: wanaume waliokuwa jeshini waliona bendi za Wazungu, wakarudi nyumbani bila tarumbeta za shaba, wakatafuta kibuyu.

Lipenga halipulizwi kama filimbi. Unaimba ndani yake. Kinachobadilisha sauti yako ni kitu kidogo sana: tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Babu alikuwa akiutafuta ukutani, ule mweupe ulio kama karatasi nyembamba, akiubandua kwa ukucha na kuubandika juu ya tundu. Sauti yako inapopita, utando unatetemeka, na ule mtetemo ndio unaoipa sauti mkwaruzo wake. Nilipokuwa darasa la tatu alinipa nishike lipenga wakati akiimba. Nilihisi kidoleni kitu kama mdudu anayetaka kutoka. "Umesikia, mke wangu?" aliniuliza, kwa utani wa babu na mjukuu. "Hiyo ndiyo sauti kabla haijawa sauti."

Leo nasoma shahada ya uzamili ya fizikia Dar es Salaam, na kazi yangu ni mitetemo. Si ya vibuyu. Ni mitetemo ya vipande vidogo vya fuwele vinavyotetemeka mara bilioni kadhaa kwa sekunde, na swali ni kama mitetemo hiyo inaweza kutumika kuhifadhi na kuchakata taarifa za kwantamu. Sina maabara ya kufanyia jambo hilo. Ninafanya hesabu na kuandika programu kwenye kompyuta ya kawaida. Lakini ninachokihesabu kipo kweli, mahali pengine.

Nieleze kwa ufupi. Kompyuta ya kawaida huandika kila kitu kwa sifuri na moja. Kyubiti, yaani kipande cha taarifa cha kompyuta ya kwantamu, kinaweza kukaa katika hali ambayo si sifuri tupu wala moja tupu, bali mchanganyiko wa hizo mbili kwa uwiano fulani. Nguvu yote ya mashine hizi inatoka katika mchanganyiko huo, na mchanganyiko huo ni mwepesi kuharibika. Saketi za umeme zinazotumika kutengeneza kyubiti nyingi hufanya hesabu haraka lakini husahau haraka pia. Zinahitaji daftari la pembeni, mahali pa kuweka kitu kwa muda na kukirudia.

Hapo ndipo mtetemo unapoingia. Mtetemo una sifa mbili nzuri. Kwanza, ni wa polepole: sauti husafiri ndani ya fuwele kwa kasi ndogo mno ukilinganisha na mwanga, kwa hiyo chombo kidogo sana kinatosha kuubeba. Pili, sauti haiwezi kupita penye utupu. Umeme unaotetemeka unaweza kuvuja na kusambaa hewani kama mawimbi ya redio. Mtetemo wa kipande cha fuwele uliozungukwa na utupu hauna pa kwenda. Unabaki ndani, kama mtu aliyefungiwa na siri yake.

Wazo la kuhifadhi taarifa kwa sauti si geni. Kompyuta ya EDSAC, iliyoanza kazi Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, ilikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo: mirija ya zebaki ambamo taarifa zilitumwa kama milio. Mlio ulipofika mwisho wa mrija ulisikilizwa, ukatengenezwa upya, ukarudishwa mwanzo. Mashine ilikumbuka kwa kujirudiarudia, kama mtoto anayetumwa dukani akitamka njia nzima "sukari nusu, chumvi, kiberiti."

Kipya ni kufanya hivyo katika kiwango cha kwantamu. Mwaka 2010, kundi la Andrew Cleland na John Martinis kule Santa Barbara, Marekani, pamoja na mwanafunzi wao Aaron O'Connell, walipoza kipande kidogo kinachotetemeka mara bilioni 6 kwa sekunde hadi kikatulia kabisa, kwa kiasi ambacho maumbile yanaruhusu kitu kutulia, kisha wakakiunganisha na kyubiti na kukipa mtetemo mmoja tu, ule mdogo kuliko yote. Mwaka 2023 kundi la Yiwen Chu huko Zurich, Uswisi, liliiweka fuwele ya yakuti katika hali ya kutetemeka kwa namna mbili zinazopingana kwa wakati mmoja. Sehemu iliyotetemeka ilikuwa na uzito wa mikrogramu 16. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo lilionyesha mtetemo unaofanya kazi ya kyubiti wenyewe. Mwaka 2025, watafiti wa Caltech walitumia vipande vinavyotetemeka kuhifadhi hali ya kwantamu kwa muda wa takriban mara 30 zaidi ya kyubiti za umeme zilizo bora.

Ninapenda mno jambo moja katika habari hizi. Mwaka 2021 watafiti wa Delft, Uholanzi, wakisaidiwa na kompyuta inayojifunza, walitafuta umbo linalotunza mtetemo kwa muda mrefu bila kuhitaji baridi kali. Walichokipata kina umbo la utando wa buibui. Nilipoisoma makala yao nilitaka kumpigia babu simu. Wakati huo bado alikuwa anasikia vizuri. Nilimwambia, "Babu, Wazungu wamefika kwa buibui." Alicheka mpaka akakohoa. "Wamechelewa," alisema. "Lakini karibu wafike kwenye kibuyu."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Taarifa ya kwantamu ina sheria ambayo taarifa za kawaida hazina. Mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks peke yake, walithibitisha kwamba hali ya kwantamu usiyoijua haiwezi kunakiliwa. Tatizo si uduni wa mashine zetu. Hakuna mashine itakayoweza. Unaweza kuihamisha hali kutoka kwenye kyubiti hadi kwenye mtetemo, lakini ikihama, inahama yote. Kule ilikotoka haibaki. Na huwezi kuichungulia ukaiacha ilivyokuwa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Wanafunzi wenzangu nikiwaeleza upimaji wa kwantamu huwa naanza na methali hiyo, kwa sababu kata haijui kilichomo mtungini mpaka iingie, na ikitoka, mtungi si ule tena.

Kwa hiyo anayetunza kumbukumbu ya kwantamu anafanya kazi ya ajabu: anatunza kitu ambacho haruhusiwi kukitazama, hawezi kukizidisha, na anachoweza kukifanyia ni kukifikisha tu. Kwa Kiswahili tunalo neno la kazi hiyo. Ni amana.

Usiku ule babu aliniruhusu nirekodi lipenga. Nasisitiza: aliruhusu lipenga. Nikaweka simu juu ya stuli, akaimba, kifua kikichoka katikati ya mstari, kisha akaliweka lipenga chini. Nilipaswa kuzima simu. Sikuzima. Mwanzoni nilisahau, baadaye, alipoanza kuzungumza, nilikumbuka na bado sikuzima. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na sitaki lipotee ndani ya fizikia.

Alizungumza kuhusu shamba la chini, lile lenye mikahawa mizuri karibu na kijito. Sisi sote tulijua kwamba babu alilinunua kwa fedha za nguruwe. Aliniambia kwamba hakukuwa na nguruwe. Fedha zilitoka kwa shangazi yangu, binti yake wa pekee, aliyekuwa akiuza chakula Songea na kutuma kidogo kidogo kwa miaka mitatu ili anunuliwe kipande cha ardhi. Babu alinunua, akaandikisha jina lake mwenyewe, akawaambia wanawe hadithi ya nguruwe. Shangazi aliambiwa kwamba fedha ziliishia kwenye matibabu ya bibi. Alikubali. Hakuuliza tena.

"Mwambie yeye," babu alisema. "Wale wengine waache waniheshimu."

Basi nilikuwa na kitu cha aina gani? Kwa baba mkubwa, ilikuwa sauti ya mzee, mali ya ukoo. Kwa shangazi, ilikuwa haki yake ya miaka zaidi ya 20, na pengine ushahidi wa kuipata. Kwa babu, ilikuwa toba aliyoikabidhi kwa mtu mmoja imfikie mtu mmoja. Na kwa simu yangu ilikuwa faili la kawaida, ambalo kwa kugusa kioo mara mbili lingekuwa kwenye simu za watu 63 wa grupu la ukoo, toka Mbinga hadi Muscat, kabla sijairudisha simu mfukoni.

Usiku nilikaa na kishawishi kizuri kabisa, kile kinachovaa joho la haki. Nikiiweka kwenye grupu, shangazi anapata shamba. Jumamosi hakuna wa kubisha. Uongo unakufa mbele ya wote. Kuna ubaya gani? Mzee amekwisha kufa. Heshima ya marehemu ina uzito gani mbele ya jasho la aliye hai?

Swali hilo si la kupuuzwa. Kuna siri ambazo kuzitunza ni kushiriki dhuluma. Lau kama shangazi angekuwa amekufa, au lau kama Jumamosi ingefika kabla sijaweza kumpata, nadhani ningesema, na ningebeba lawama ya kusema. Amana si jina zuri la kunyamaza.

Lakini sikuwa katika hali hiyo. Shangazi alikuwa hai, alikuwa pale pale msibani, jikoni, anachambua maharage. Ambaye angedhulumiwa kwa ukimya wangu ndiye huyo huyo ambaye ukweli ulikuwa umeelekezwa kwake. Kuupeleka kwenye grupu kungekuwa kumpokonya kitu cha pili baada ya shamba: nafasi ya kuamua mwenyewe afanye nini na ukweli unaomhusu. Angeusikia pamoja na watu 62 wengine, na kabla hajalia wangekuwa wameshaanza kumwandikia pole.

Hapo ndipo niliporudi kwenye masomo yangu, na nikaona kwamba mfano niliokuwa nao kichwani ulikuwa na kasoro. Nilikuwa nimezoea kuiona kumbukumbu ya kwantamu kama mfano wa uaminifu: tazama, inatunza bila kunakili, inafikisha bila kubakiza. Lakini fuwele haina uaminifu wowote. Hainakili kwa sababu haiwezi. Mahali ambapo maumbile yamekataza, hakuna sifa ya kujizuia. Sifa inaanzia pale ambapo unaweza. Simu yangu inaweza kunakili mara elfu na kila nakala ikawa sawa na ya kwanza. Hakuna sheria ya fizikia inayolinda maneno ya babu. Aliyebaki kuwa sheria hiyo ni mimi.

Nadhani hili ni swali la kizazi changu zaidi ya la wazee wetu. Babu hakuhitaji kujiuliza. Neno aliloambiwa lilikaa kifuani mwake, na ili litoke ilibidi atamke, akimtazama mtu usoni. Kusambaza kulikuwa na gharama. Kwetu gharama imebaki kwenye kutosambaza. Tunafikiri anayeshikilia kitu ana la kujieleza, na anayekitawanya hana.

Wala sisemi kwamba kunakili ni uovu. Mganda wenyewe ni nakala: wanaume walisikia bendi ya jeshi, wakaiga, na kwa sababu walikosa shaba wakapata kitu ambacho bendi haikuwa nacho. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, akirekodi ngoma na nyimbo, na leo sauti hizo zimetunzwa Afrika Kusini. Nyingine huenda zisingesikika tena popote. Wimbo hutaka kuigwa. Dakika 6 za lipenga niliziweka kwenye grupu asubuhi iliyofuata, na baba mkubwa alilia kama mtoto. Swali si kama kitu kinaweza kunakiliwa. Swali ni kwamba aliyekitoa alikitoa kiende wapi.

Na kuna jambo la pili ambalo fuwele ilinifundisha, hili bila kasoro. Hakuna kumbukumbu ya kwantamu inayodumu yenyewe. Mtetemo, hata ndani ya baridi na utupu, huvuja taratibu. Kila sekunde inayopita inaula. Anayekabidhiwa akakaa nacho kwa muda mrefu mno, siku akitaka kukitoa atakuta hakipo. Nilijiona mwaminifu kwa sababu sikusambaza. Lakini siku tatu zilikuwa zimepita na sikuwa nimefikisha. Kutunza bila kufikisha ni kupoteza polepole.

Ijumaa jioni nilimwomba shangazi anisindikize kijitoni. Tulikaa juu ya jiwe, shamba lile likiwa mbele yetu. Nilimwambia kwanza kosa langu, kwamba nilirekodi bila ruhusa. Kisha nikampa simu na kusogea mbali, mpaka nisisikie.

Alisikiliza zote. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu. Aliniuliza kama kuna mwingine aliyesikia. Nikamwambia hapana. Akasema, "Nitumie." Tulitumia Bluetooth, simu mbili juu ya jiwe moja, bila intaneti. Ilipofika upande wake nilifuta yangu mbele yake. Najua, na mwalimu wangu angenikumbusha, kwamba huko si kuhama kwa kweli. Kulikuwa na muda mfupi ambapo faili lilikuwa kwenye simu zote mbili, na maneno yenyewe bado yako kichwani mwangu. Binadamu hawezi kufikisha amana kwa usafi wa fuwele. Anaweza tu kuifikisha kisha asiirudie.

Shangazi ameyasoma haya kabla yako, msomaji. Mambo mawili aliniomba niyabadilishe nami nimeyabadilisha, ili asijulikane. Hili la kuandika aliliruhusu mwenyewe. Alisema wapo mabinti wengine waliotuma fedha nyumbani.

Jumamosi ukoo ulikaa. Shangazi alisimama akasema alikuwa na neno kuhusu shamba la chini, na akalisema kwa maneno yake, kwa dakika chache, bila kumtukana aliyekufa na bila kutoa simu. Alilosema na walilojibu ni la kwao. Sikulirekodi.

Tulipotoka, baba mkubwa alinifuata tena nyuma ya nyumba.

"Ile sauti iko wapi?"

"Imeshafika, baba mkubwa."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula.